Mawingu ya Nyota Nyuma ya Geti

Sumbawanga

Kwa mtani wangu Masunga, mchunga ng'ombe za watu,

Hujambo wewe, na hizo ng'ombe zenye adabu kukuzidi? Kama unaumwa, usife kabla hujamaliza kusoma. Mimi mzima kabisa, na juzi nimeona mawingu ya nyota kwa macho yangu: moja jekundu, jingine bluu kama sare ya shule.

Haya, nimedanganya. Nimeyaona kwenye simu ya mjukuu wangu Jenifa, tena kwa kuibandika puani.

Nimefungiwa, Masunga. Tangu nilipotumbukia mtaroni nikitazama juu, binti yangu Kristiana anafunga geti na kwenda na funguo sokoni kwenye mahindi yake. Kuku hupenya chini ya geti. Mimi nilijaribu, tumbo likakataa.

Nilimuuliza Jenifa, maana anasomea ualimu wa sayansi, nani kayapaka rangi. Akacheka, akasema ni mambo ya moto na moshi. Gesi ikipigwa na mwanga wa nyota kali huwaka, kila moja na rangi yake: haidrojeni nyekundu, oksijeni kijani. Nikamwambia hilo nalijua, vijana wa vyuma chakavu wakichoma nyaya za shaba moto huwa kijani. Lile la bluu, akasema, haliwaki. Ni vumbi linalotawanya mwanga wa nyota jirani, na bluu ndiyo hutawanyika zaidi, kama moshi wa jikoni mbele ya ukuta mweusi. Vumbi likizidi huziba, unabaki na giza. Ila kwa jicho tupu, hata la tai, mengi ni ukungu wa kijivu tu. Kamera ndiyo hukusanya mwanga taratibu mpaka rangi ijitokeze.

Sasa neno ambalo hata Kristiana hajui. Mtaroni sikuteleza, sikuuona mtaro. Daktari wa macho aliyekuja kanisani alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. La kushoto limezimika. La kulia nachungulia kama kwenye tundu la kufuli, na taa za mjini zinanimalizia. Nataka kuuona ule ukungu wa kijivu huko bomani kwako, kwenye giza, kabla nami sijazibwa.

Msalimie mkeo Debora, mwambie nauota mtindi wake.

Kwenye msiba wa mke wangu ulimkamata jogoo wangu mbele ya waombolezaji, ukasema mtani hazuiliwi. Nikakuachia uende naye. Sasa lipa deni. Kristiana anaijua mila. Njoo na pikipiki, piga kelele zako getini, uniibe na mimi. Nimezeeka, lakini bado nawika.

Mtani wako,
Isdori