Damu ya Mbweha

Mutanga Nord, Machi 1996

Jovithe wangu huko Bukavu,

Siye tunapumua, mvua imeanza. Tangu watu wakimbie vita huko Gasenyi, mbweha wanashuka toka milimani, wanazaa mu nyumba zenye hazina mutu. Baba yako alitutuma, siye wa laboratoire yake, tutoe damu yao tuipime. Ugonjwa wa mbwa uliwapiga. Wenye wazazi wa kundi moja walikufa karibu wote. Wenye wazazi wa makundi mbalimbali walipona, kwani kila mzazi aliwarithisha kinga yake. Baba yako alifurahi sana. Akasema, “Muone, damu iliyochanganyika ndiyo inaishi.”

Jumapili tukamngoja yeye na wazee wenu waje na pombe, waniombe niwe bibi yako. Mama aliazima viti. Baba yako alikuja peke yake, mikono mitupu.

“Mutoto ni muzuri,” akamwambia mama, “lakini we ni Muhutu, marehemu bwana yako alikuwa Mututsi. Nyumba yangu apana kuchanganya damu.”

Mama alimpa chai. Mi nisingempa hata maji.

Rudi uniombe mwenyewe. Kama nawe unaogopa, usijibu. Kumbuka tu ni mbweha gani walikufa.

Amandine