Wameniita Viza

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Leo nimelijua jina langu jipya. Viza!

Nimelisikia kwa masikio yangu, kwenye kisomo cha dua kwa jirani huku Msambweni. Nilikuwa nyuma ya pazia napanga vikombe. Wifi yangu Twaiba, dada mkubwa wa Nassir, anawaambia wenzake kwamba kaka yake amejifunga kwa mwanamke ambaye mayai yake ni viza. Daktari mwenyewe kasema, ati. Wakacheka. Mmoja akauliza, huyo Viza yuko wapi atuletee chai? Nikawapelekea. Nikatabasamu. Kikombe cha Twaiba nikakimimina mpaka kikafurika kwenye kisahani, akaloa mapaja. Ni hilo tu nililoliweza.

Daktari hakusema hivyo! Alimwambia Nassir kwamba kipimo cha damu kimeonyesha mayai yangu yamebaki machache. Machache. Mume wangu akalibeba neno hilo mpaka kwa dada yake, na dada yake akaliozesha.

Nimemuuliza Nassir. Anasema dada hakuwa na nia mbaya. Amekula peke yake leo.

Twaiba, nitakulipa. Wallahi nitakulipa.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemsimulia Nereah kazini. Kila asubuhi tunasimama pamoja hapa hotelini Diani, mimi kwenye kikaango cha mayai, yeye kwenye chapati. Mtu wa bara, Siaya huko. Nikamwambia, wananiita Viza. Akaruka! "Woi! Viza ya wapi? Germany? Na hukuniambia, Kadzo!" Akanikumbatia na unga wake wote. Wageni waliokuwa foleni ya omleti wakapiga makofi, hata hawajui kwa nini.

Ikabidi nimueleze. Huku kwetu viza ni yai lililoharibika. Kuku ameliatamia, ameliatamia, halikuanguliwa.

Akanipangusa unga begani. Kisha akakasirika kuliko mimi. "Huyo tunamtafutia siku yake, manze." Nampenda Nereah.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kliniki, sindano ya kwanza ya kuyakuza mayai yatolewe. Tumbo limeuma kidogo, si kama nilivyoogopa.

Nimemuuliza Daktari Viola uso kwa uso: mayai yangu ni mabovu? Akashusha miwani. Anasema kile kipimo cha damu kinakisia wingi, hakisemi lolote kuhusu uzuri. Basi cha uzuri ni kipi? Ndicho wanachokitafuta, anasema, dunia nzima. Wanapima majimaji ambamo yai lilikuwa linaelea. Wanapima chembe zilizoling'ang'ania. Wanatafuta alama. Alama zipo nyingi, ila ya kuapia bado. Umri unasema jambo, lakini mwisho ni yai lenyewe, likishakutana na mbegu.

Nikamwambia sisi jikoni tuna bakuli la maji: zima huzama, bovu huelea. Akacheka, akasema laiti na yeye angekuwa na bakuli hilo.

Ameomba majimaji yangu yaende kwenye utafiti wao. Nimekubali. Wakikuta humo alama ya ulimi wa Twaiba, na waiandike.

Jumanne, 7 Oktoba

Mungu hamsahau mja wake! Twaiba amekuja kwangu mwenyewe, kwa miguu yake.

Shikamoo wifi, karibu wifi, soda hii wifi. Anamwoza bintiye Jumamosi ya tarehe 18. Anataka mayai ya biriani niyasimamie mimi. "Si wewe bingwa wa mayai, wifi yangu?" Na akanitazama tumboni. Polepole, aonekane anatazama. Alipokuwa anavaa viatu akaniambia kuna binti wa Gombato, mpole, ana dini, atakuwa harusini. Atafaa kumsaidia Nassir. Akasema "kumsaidia" utadhani Nassir amevunjika mguu.

Nikasema naam. Kwa furaha! Hata nikamsindikiza mpaka kwenye tuktuk.

Maana nilishaona la kufanya. Mayai ya wageni nitayamenya yote. Lake nitaliacha na ganda, nilibebe mwenyewe kwenye sahani yenye ua, na kutangaza kwamba ni heshima ya mama wa bi harusi kumenya yai lake mbele za watu. Atapenda, anavyopenda kutazamwa! Atamenya. Nalo litakuwa viza, viza kabisa, la kunuka mpaka barabarani. Harusi nzima ijue viza ni nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumbo limejaa, natembea kama bata. Nereah ananichoma sindano chooni kwa wafanyakazi, mikono yake ni mizuri kuliko ya Nassir. Nassir hufumba macho.

Tatizo: viza nitalitoa wapi? Mayai ya hoteli hayana jogoo, hukaa mwezi mzima na uso wao uleule. Nereah anasema kuku wake kule Ukunda yuko kwenye kiota. Anakaribia kuangua. Hakosi kubakisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wameyatoa. Manne.

Nilipozinduka nikauliza, yalielea? Muuguzi akadhani ni dawa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawili yamekubaliana na mbegu. Mawili! Yako maabara. Yakifika Jumamosi yakiwa hai watanirudishia moja. Watapiga simu asubuhi. Jumamosi, siku ya harusi, hakuna siku nyingine.

Nassir amelia. Nikamwambia akimpelekea dada yake habari hii, asirudi. Ameapa. Nitaona.

Alhamisi, 16 Oktoba

Simu ni ya Jumamosi, nami naitazama tangu leo. Nimevunja sahani mbili. Moja kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Yamefika! Vifaranga vya Nereah vilitoka jana, na leo asubuhi mama yao akaondoka navyo, akayaacha matatu kiotani. Hakugeuka hata kuyatazama. Nereah amenikabidhi chini ya meza ya mayai, shefu amesimama hapohapo.

Nimeyatia kwenye bakuli la maji. Yote matatu yameelea. Moja lilikuwa linacheza-cheza majini, nikasema ni upepo wa feni. Nimeyakausha, nimeyafunga kwenye kanga, nimeyaweka kando ya jiko yazidi kuiva uozo wake.

Nimejikuta nimeyawaza haya matatu kutwa kuliko yale mawili. Basi. Yale mawili siwezi kuyafanya lolote. Haya ninayaweza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandikia stoo kwa Twaiba, nimekalia ndoo. Daftari nimelibeba makusudi, nataka kuuandika uso wake ukiwa bado wa moto.

Mayai ya wageni tayari, yamemenywa, yanang'aa. Twaiba amevaa dhahabu mpaka nyusi. Binti wa Gombato nimemwona. Akaniamkia shikamoo, macho chini, na Twaiba pembeni yake akamwambia, "Huyu ndiye Viza wetu," wakacheka wote isipokuwa yeye. Marahaba yangu ilitoka kama kikohozi.

Sufuria ndogo iko motoni kwa ajili ya yale matatu. Maji yanatokota. Nimefungua kanga—

Nimesikia kitu. Nilidhani mfuniko.

Si mfuniko. Yai moja lina ufa. Lina tundu, dogo kama punje ya uwele, na ndani ya tundu kuna ncha ya mdomo, inagonga. Inapumzika. Inagonga.

Lakini lilielea! Niliona kwa macho yangu, yote matatu yalielea! Mama yake kaondoka, Nereah kasema limekufa, bakuli limesema limekufa, na mimi nimekuja kulichemsha. Kumbe lenye kifaranga nalo huelea.

Nimelishika mkono wa kushoto. Nimelifunika kwa kiganja, kwa joto lote hili la stoo, sijui nalikinga na nini. Chuki yangu haijapungua hata tone, naiandika isije ikasemwa vingine. Bado namtaka Twaiba, namtaka leo, mbele ya hawahawa waliocheka. Yamebaki mengine mawili kwenye kanga. Yako kimya. Sahani yenye ua ninayo. Ila sasa nikiyatazama hayo mawili mkono hauendi. Kimya chao nacho sikiamini tena.

Tundu limepanuka.

Twaiba anaita kutoka uani, kwa sauti ya kusikiwa na wageni: "Viza! We Viza! Mayai bado tu?"

Kitu kimeitikia kiganjani mwangu. Si mimi.

Ameita tena. Kimeitikia tena, kwa nguvu, kikali kama nini. Na simu inatetemeka juu ya gunia la mchele, namba ya kliniki, na mkono mmoja una kalamu na mwingine—