Mstari Mweupe wa Korongoni

Mdogo wangu Fundi,

Salamu zangu zikufikie hapo kwenye cherehani yako, wewe na shemeji na wote wa nyumbani. Kifua kinakusumbua bado? Mimi ukiniuliza nitakwambia mzima, maana bado nakula na bado natembea, lakini uzima wenyewe ndio huo tu.

Utashangaa mwandiko. Ni wangu. Leo siku ya nne nahangaika na karatasi hii, na kalamu ya kwanza imeshakauka. Usicheke. Katika darasa la watu wazima niliwaacha wote nyuma, hata mwalimu alikiri kwamba kichwa kama changu kingeanza mapema kingefika mbali. Karani wa kambi angeniandikia, ana mwandiko kama wa mashine, lakini mambo haya hayaandikwi kwa mkono wa mtu mwingine. Utaona.

Kazi yangu hapa unaijua, nimekuhadithia mpaka ukachoka. Watu wanaingia kwenye vile vimtumbwi vya plastiki, kayaki, mtu mmoja mmoja, kafi mkononi, wanateremka korongoni na kuruka maporomoko matatu. Anayesema leo mto unapitika au haupitiki ni mimi. Meneja ana vyeti ukuta mzima, lakini kila asubuhi hutoka na kikombe chake cha chai kuja kuniuliza mimi. Ndiyo maana wananiita Mzee Kipimo. Kipimo chenyewe ni mstari mweupe kwenye mwamba, pale wanapoanzia. Maji yakiwa chini ya mstari, nenda. Yakiufunika, rudi ukalale. Niliupaka mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, na haukuwahi kuua mtu.

Chiriku wetu alipotaka kuja kufanya kazi hapa ulikataa. Ulisema hukumsomesha mwanao aje kurushwa na maji kama gunzi. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakwambia mwanao ni mwanangu. Mkakubaliana naye neno moja mbele yangu: hatatia kayaki majini mstari ukiwa umefunikwa, hata dunia nzima imwite mwoga. Na alikuwa anaweza, ndugu yangu! Poromoko la pili, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, alikuwa analiruka na kuibuka chini anaongea, kana kwamba alikatizwa maneno. Hiyo ni damu yangu, si yako. Wewe unaogopa hata beseni.

Siku tuliyomzika ulisema neno ambalo halijanitoka. Ulisema mwanao alikuahidi, akakudanganya. Na shemeji kaniambia kwenye simu kwamba picha yake umeishusha ukutani, umeilaza kifudifudi juu ya kabati, na hutaki jina lake litajwe. Sikulaumu. Waokoaji walipofika mchana, maji ya mvua ya milimani yalikuwa yameshateremka na mstari hauonekani. Waliponiuliza, nikasema nilifika nikakuta ameshaondoka. Wakaandika kwamba aliingia mtoni mstari ukiwa umefunikwa. Meneja akasema msichana alikuwa mkaidi. Nami nimesimama pale pale, nimekunja mikono, kimya.

Sasa soma polepole.

Mafuriko ya mwaka huu yaliukwangua ule mstari ukatoka wote. Nikapewa kopo la rangi niupake upya. Mahali pake napajua, usawa wa ule ufa wa mwamba, na kuufikia unashuka ngazi ya kamba, vipago kumi na vinne. Nilishuka sita. Magoti yakaanza kutetemeka. Juu kulikuwa na vijana wananitazama, mmoja akauliza kama nisaidiwe. Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa nashuka hapo mama yake hajaolewa. Ningemwachia kopo, wangesema mzee amekwisha, na mzee aliyekwisha hapa hupewa ufagio. Basi nikanyoosha mkono, ulipoishia ndipo nikapaka. Ufa ulikuwa chini zaidi, mkono mzima na shubiri moja chini ya rangi yangu. Nikapanda nikawaambia tayari. Nikajiambia nitarudi kuurekebisha magoti yakitulia. Wiki tatu mto ulikuwa mdogo, hakuna aliyejua.

Asubuhi ile Chiriku alitangulia peke yake, kuangalia kama kuna gogo limekwama njiani kabla wageni hawajaamka. Maji yalikuwa yamepanda, ila mstari ulikuwa mkavu. Alisimama akautazama sana. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama zamani mstari haukukaa usawa wa ufa, maana ufa wenyewe ulikuwa umeshazama. Mdogo wangu, alinipa nafasi. Kofia yake ngumu ilikuwa kichwani, kamba ya kidevuni haijafungwa. Hapakuwa na Meneja, hapakuwa na vijana, hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia mimi nilianza kuusoma mto huu baba yake hajaota meno. Akacheka, akasema haya, Baba Mkubwa, mstari ni wako. Akafunga kamba.

Poromoko la kwanza nilimwona akipita. La pili halikumrudisha.

Kwa hiyo hakukudanganya. Neno alilokupa alilishika mpaka mwisho. Aliyekudanganya ni mimi, kwa rangi kwanza, halafu kwa mdomo.

Juzi nilishuka ile ngazi, vipago vyote kumi na vinne, nikapaka mstari usawa wa ufa. Magoti yalitetemeka vile vile, lakini yalishuka. Yangeshuka hata siku ile. Ule wa juu nimeupiga patasi mpaka mikono ikachubuka, haufutiki. Rangi niliichagua mwenyewe, nikawaringia kwamba hiyo haitoki. Nikapanda nikamweleza Meneja kila kitu, mbele ya vijana wale wale. Hakuna aliyecheka.

Sikuombi msamaha, sijui ningeutia wapi. Naomba picha yake uirudishe ukutani leo hii, kabla hujaikunja karatasi hii, na jina lake ulitaje shemeji asikie. Msalimie, kama baada ya haya salamu zangu zitaweza kutoka mdomoni mwako. Usijilazimishe kunijibu.

Ni mimi kaka yako, niliyekushika mkono.