Hodi kwenye ukuta wa Gede

Jumapili, Granville

Swali la Neema ndilo limeninyima usingizi. Nilimkuta kwa mama yake, dada yangu Kadzo, kule Merrylands, mtaa wa jirani huku ughaibuni, akiandika kazi ya shule kuhusu miji ya kale yenye kuta. Nikamwambia aachane na ngome za Wazungu, aandike Gede yetu ya pwani: mji wa mawe wenye ukuta ndani ya ukuta, watu wakauhama, msitu ukaumeza. Nikasema ukuta wa nje ulishinda mnazi kwa urefu, nami utotoni niliuruka kwa mguu mmoja.

"Muongo wewe!" Kadzo akacheka. "Ulipita palipobomoka, pamoja na mbuzi wa nyanya."

Neema akauliza, "Anko, ulipiga hodi?"

Kwetu huingii magofuni bila kuwapigia hodi wazee waliolala humo. Asiyepiga, nyanya alituambia, huisahau njia ya kwao.

"Hodi ya nini? Wazee wenyewe walinipigia saluti!"

Wakacheka mpaka machozi. Mimi sikuweza. Sikupiga hodi siku ile.

Kadzo anasafiri Ijumaa kurudi nyumbani kumwona mama, ambaye hainuki tena kitandani. Ameniomba twende wote, nami nimesema tena kwamba kiwanda ninachofanyia kazi Smithfield hakiendi bila mimi. Kinaenda. Naogopa tu kwamba nitafika na mama asinijue.

Jioni nilipofika hapa, kabla sijatia ufunguo mlangoni, nilijikuta nasema hodi. Naishi peke yangu. Lakini nilisimama pale nje kwa muda, nikingoja sauti ya mama iseme karibu.