Nyangumi Chini ya Kayaki

Cucu, mko salama huko Mwihoko? Hapa Watamu jua ni kali.

Leo tuliingia baharini na kayaki, zile boti nyembamba za kukaliwa na mtu mmoja. Mara maji chini yangu yakawa meusi. "Usipige kasia," kiongozi wetu akasema kwa sauti ya chini. "Ni nyangumi na mtoto wake." Nikatulia, kasia mapajani. Mgongo mrefu kuliko basi ukaibuka kando yangu. Nyangumi akapumua, na manyunyu yenye harufu ya samaki yakaniangukia viganjani, palepale uliponitemea mate ya baraka nikitoka nyumbani. Kisha wakazama, mama na mtoto.

Tuliporudi ufukweni, wenzangu waliorushiwa manyunyu pia walikimbilia sabuni. Mimi bado sijanawa.

Mungu akuweke, Cucu.

Mjukuu wako, Wanja