Nyota Kumi na Moja Nilizozifuta Kwenye Mchoro wa Kisima

Mpendwa dada Ghati,

Nimeandika habari kwa miaka kumi sasa, na katika kazi hii nina sharti moja: jambo likikosewa hadharani linasahihishwa hadharani. Wewe nilikukosea mbele ya mkutano wa kijiji. Ndiyo maana barua hii haikuandikwa kwa siri, ijapokuwa wewe hutaisoma. Tulikuzika mwezi wa nne, na mpaka kaburi linafukiwa sikuwa nimesema neno.

Wanaosoma hawakujui, kwa hiyo nitaeleza. Sisi ni watoto wa Nyamwaga, kwenye migomba na mvua. Wewe uliolewa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, nchi kavu kuliko kwetu. Mimi, kabla sijaingia kwenye magazeti, nilikuwa karani wa takwimu katika mradi mmoja wa maji. Ilikuwa miaka ile ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Kwenu kulikuwa na visima viwili, cha Bondeni na cha Mwambani, na ilibidi kuchagua kijiji kipya kijengwe karibu na kipi. Mhandisi akataka maji ya visima vyote viwili yapimwe kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Alitaka mwanamume aliyemaliza darasa la saba. Nikampa jina lako, wewe wa darasa la nne, nikamwambia hutakosa hata wiki moja.

Hukukosa. Nilikuletea kamba ya katani ya mita kumi na mbili, yenye fundo kila nusu mita, na kopo la maziwa lililojazwa mchanga. Nikakuonyesha namna ya kushusha kopo polepole hadi usikie limegusa maji, kisha kuhesabu mafundo kutoka ukingoni. Namba ndogo ina maana maji yako karibu, namba kubwa yako mbali. Ulilielewa hilo kabla sijamaliza sentensi. Kisha ukauliza swali ambalo mhandisi mwenyewe hakuwa ameliuliza.

"Na kamba ikiisha kabla ya kufika majini, niandike nini?"

"Andika tisini na tisa."

"Kwa nini nisiandike 'hakuna'?"

"Namba hizi zitasomwa na mashine, Dar es Salaam. Mashine haijui neno 'hakuna'. Inajua namba tu."

Ulicheka mpaka ukaketi. "Mashine gani hiyo, mura, isiyojua shida?" Mura, kijana, ndivyo ulivyoniita tangu nikiwa mtoto, na uliendelea hata nilipoota mvi mbili tatu.

Tisini na tisa, basi, ilikuwa yangu. Sikupewa na mhandisi wala na watu wa Dar es Salaam. Niliibuni mimi, pale ukingoni mwa kisima, na wewe ukaitii.

Nakumbuka Jumamosi niliyokuja kukagua. Ulikuwa na homa, umejifunga kitenge kichwani, na mtoto wako wa tatu mgongoni. Nikakuambia ukae, nitapima mimi. Nikashusha kamba, nikasoma, nikachukua daftari.

"Wewe unaandika kabla kopo halijatulia," ukasema. "Shusha tena."

Nikashusha tena. Nilikuwa nimekosea fundo moja. Ulinitazama, ukala hindi lako la kuchoma, kisha ukaniambia: "Ndiyo maana wanakulipa wewe kuandika, na mimi kupima." Nilifurahi kutaniwa na wewe. Bado nasikia lile hindi likipasuka chini ya meno yako.

Mwaka ulipokwisha ulinipa daftari. Mwambani palikuwa na namba zilezile karibu mwaka mzima: mita tisa, tisa na nusu, tisa. Kisima kirefu, cha kuchosha mikono, lakini hakibadiliki. Bondeni, wakati wa mvua, maji yalikuwa mita tatu tu. Mwezi wa saba yakafika sita. Halafu, kuanzia katikati ya mwezi wa nane hadi mwisho wa mwezi wa kumi, uliandika tisini na tisa mara kumi na moja, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko uleule usioharakisha.

Nikaenda na daftari Dar es Salaam, kwa basi hadi Mwanza, kisha kwa gari moshi. Huko walikuwa na kompyuta, mashine ya kujaza chumba, na maagizo yake yote tuliyatoboa kwenye kadi ngumu. Kadi moja, agizo moja. Kadi nyingine zilibeba namba zako. Ukiwapa kadi asubuhi, mchana unapewa karatasi pana, na juu yake mashine imechora kwa kuandika nyota: nyota moja kwa kila Jumamosi yako.

Mchoro wa kwanza ulikuwa aibu. Jina la kisima lilikatwa ukingoni, likabaki "KISIMA CHA BON". Hilo nililirekebisha kwa kusogeza mchoro mzima nafasi kumi kushoto. La pili lilikuwa gumu zaidi. Karatasi ilikuwa na nafasi ya mistari sitini kwenda chini, na mashine ilikuwa imeigawa ili itoshe namba kubwa kuliko zote. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa tisini na tisa. Kwa hiyo nyota zako zote za kweli, mwaka mzima wa kutembea, zilibanana kwenye mistari saba ya juu kama mbuzi waliokimbilia kivuli. Chini yake palikuwa na weupe mtupu. Na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho, nyota kumi na moja zimejipanga peke yake.

Bwana aliyekuwa akiendesha mashine aliitazama karatasi.

"Hii haisomeki, ndugu. Hizo za chini ni nini?"

"Ni alama tu. Kipimo hakikupatikana."

"Basi iambie mashine iziruke. Kadi moja inatosha: ikizidi ishirini, ruka. Lakini uandike maelezo chini kwamba umeziruka, na kwa nini."

Yeye hakukosea. Nilitoboa kadi ya kuruka, nikatoboa na kadi ya maelezo. Mchoro uliofuata ulikuwa mzuri. Nyota zilijaza karatasi, visima viwili vikaonekana wazi, Bondeni juu na Mwambani chini. Tatizo likabaki moja: mstari wa maelezo ulisukumwa hadi ukurasa wa pili, peke yake. Mhandisi alikuwa ameagiza ukurasa mmoja. Nilijaribu kufupisha kichwa cha mchoro, haikutosha. Nilijaribu kuondoa majina ya miezi, mchoro ukawa hauna maana. Gari moshi la kurudi lilikuwa kesho yake. Nikaitoa ile kadi ya maelezo, nikaitia mfukoni mwa shati.

Watu wameniuliza, katika kazi yangu, kama mtu anaweza kudanganya kwa namba za kweli. Naweza kueleza hatua kwa hatua.

Niliporudi ofisini kwetu, mchoraji aliziunganisha nyota kwa kalamu ya wino ili kamati ione vizuri. Palipokuwa na pengo, mwezi wa nane hadi wa kumi, akapitisha rula. Mstari ulishuka kidogo Julai, ukapita pale mnyoofu, mzuri, ukapanda tena Novemba, maji yakiwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijua pale chini ya rula pana nini. Nikajiambia mhandisi atauliza. Hakuuliza, kwa sababu mchoro haukuwa na chochote cha kuuliza.

Sasa mkutano. Unaujua kuliko mimi, lakini wasomaji hawakuwepo. Ofisa alibandika mchoro ubaoni, akatangaza kijiji kitakuwa Bondeni. Ukasimama. Mwanamke kusimama mkutanoni, mbele ya wakwe, si jambo dogo kwetu. Ukasema kwa Kiswahili chako cha taratibu: "Bondeni hapana maji kiangazi. Kamba inaisha."

Ofisa hakukukasirikia. Ingekuwa afadhali. Alitabasamu, akagonga ubao kwa fimbo: "Mama, wewe si ndiye uliyepima? Hizi ni namba zako mwenyewe. Sasa unazikataa?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mkeo amechoka kupima, sasa amechoka na kuhesabu," na mumeo akatazama chini. Wewe hukumtazama ofisa. Ulinitazama mimi, niliyeketi kwenye kiti upande wa meza kuu. Ulisubiri, naweza kusema, muda wa kopo kushuka na kutulia. Nikafungua faili nikajifanya natafuta kitu.

Baadaye ulinifuata kwenye gari. "Mura, zile tisini na tisa ziko wapi?"

Nikasema, "Mashine imezisawazisha."

Hakuna neno nililowahi kuandika au kusema ninalolionea aibu kama hilo. Lingekuwa tusi ungelijibu. Uliliamini. Ukasema polepole, "Basi labda nilishika kamba vibaya," ukaenda.

Malori yalikuja, nyumba zikavunjwa, watu wakahamia Bondeni. Mwezi wa nane wa mwaka uliofuata kisima kilikauka. Wanawake wakaanza kutembea hadi Mwambani, karibu saa mbili kwenda na kurudi, bila kuhesabu foleni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha ukarani, nimeanza kuandika habari Musoma. Niliyasikia kwa barua za mumeo. Walikuita Mpima Maji. Kisimani walikuambia, "Ghati, tupimie na mate basi, labda yatatosha ugali." Kwenye zamu ya shamba la kijiji walikuachia mstari wenye mawe. Na jirani yako Nyangi, mama wa Chacha, aliyekuwa na mimba kubwa, alijifungulia kwenye njia ya Mwambani, ndoo ameitua kichwani muda mfupi kabla. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo Nyangi hakuitikia salamu yako.

Nilikuja kukutembelea kila mwaka. Ulinipikia, ulinitania, uliuliza habari za mjini. Mara moja tu uliligusa. Ulikuwa unachambua mboga. Ukasema, "Mimi nimeua mtoto wa mtu kwa kutojua kuhesabu." Nikakuambia usiseme hivyo. Sikukuambia kwa nini usiseme hivyo. Maneno yalikuwa manne au matano, na nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwako, na nje hapakuwa na mtu.

Nimejiuliza nilikuwa naogopa nini. Kazi ile nilishaiacha. Kufungwa, hapana. Nadhani niliogopa unitazame tena kama ulivyonitazama mkutanoni, safari hii ukiwa unajua. Hiyo ndiyo sababu yote, dada. Ni ndogo hivyo.

Kwa hiyo naandika hapa lilivyo. Ghati alipima sawa. Aliona kisima cha Bondeni kikiishiwa maji kwa wiki kumi na moja, akaandika wiki zote kumi na moja. Aliyeziondoa ni mimi, kwa mkono wangu, ili mchoro utoshe ukurasa mmoja. Alisema kweli mkutanoni, na mtu pekee aliyejua kwamba anasema kweli alinyamaza.

Niliona haitoshi kuliandika, kwa kuwa wengi wa kijiji chako hawapati gazeti. Wiki iliyopita nilikwenda. Nilianza kwa balozi wako wa nyumba kumi, nikamsomea niliyoyaandika, akasema ataliweka mbele ya mkutano wa Jumapili. Kisha nikaenda kwa Nyangi. Alikuwa anaanika mtama. Nikamsalimu, akaniitikia vizuri, akanipa kigoda, akauliza habari za safari na kama Musoma sukari inapatikana. Nikamwambia haipatikani. Halafu nikamwambia nililokuja kumwambia. Sikumsomea. Nilimwambia kwa mdomo, tangu tisini na tisa hadi kadi ya mfukoni.

Aliendelea kuutandaza mtama kwa kiganja. Nilidhani hakusikia, nikaanza tena.

"Nimesikia," akasema. "Usirudie."

Kuku wakaja, akawafukuza.

"Dada yako alinisalimu kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi, miaka yote hiyo. Akipita hapo kwenye ua anasimama kidogo, anasalimu, anangoja. Mimi nainama nafanya kazi yangu. Hata alipokuwa mgonjwa, anatembea kwa fimbo, alisimama hapo."

"Nisamehe, Mama Chacha."

"Mimi sijauliza habari zako." Hakupandisha sauti. "Nimemnyima salamu mtu asiye na kosa, na sasa yuko chini. Wewe umekuja kuutua mzigo wako, umeutua. Huu wangu ulionipa leo, bwana mwandishi, niupeleke wapi?"

Aliinuka, akaingia ndani kujifunga khanga. Alipotoka alinipita bila kunitazama akashika njia ya kwako, kule ulikozikwa. Sikumfuata.

Kwaheri, dada. Kama alifika, mwitikie.

Mdogo wako,
uliyemwita mura