Mgagani kwa Maziwa

Neema mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Ngara. Babu yako anapona mguu, na ng'ombe amezaa.

Unauliza nilianza lini kusema mbele za watu. Ni wakati wa vita, askari walipopita katika kijiji chetu cha ujamaa. Akina mama waliwachemshia mgagani wa porini, ukawa mchungu, wakausukuma kando. Nilijua mgagani unataka maziwa, bibi yangu alinifundisha, ila shuleni nilichekwa kwa kula magugu, nikanyamaza. Mwishowe nikasema kwa Kihangaza, "Tieni maziwa."

"Kumbe una mdomo," akasema shangazi.

Sufuria ya pili ilifutwa kwa tonge la mwisho la ugali. Askari mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Nani kaipatia mboga hii?"

Nikanyoosha mkono, mimi ambaye darasani sikuwahi kuunyoosha. Mpaka leo sijaushusha.

Bibi yako